Mjomba Fisi na Mkono Usioonekana: Historia ya Kumhuisha Mnyama wa Hadithi, Kilosa na Mikumi

Asafiriye kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, akishaipita Morogoro, huingia katika uwanda wa Mkata, na barabara humpitisha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Abiria huchungulia madirishani na kuwataja wanyama kwa majina: twiga, nyati, pundamilia, na aliyebahatika huona simba. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1964, ina eneo la kilomita za mraba 3,230, na jina lake limetokana na mikumi, miti ya jamii ya mivumo iliyosimama katika nchi hiyo. Kaskazini yake uko mji wa Kilosa kwenye reli ya kati, na nyuma ya Kilosa imeinuka milima ya Ukaguru. Nchi hiyo moja imekuwa na wanyama wa namna mbili. Kuna wanyama walindwao na sheria, wanaohesabiwa na kupigwa picha. Na kuna wanyama watambwao usiku, ambao hawana askari wa kuwalinda wala mpaka wa kuwazuia wasipotee.

Hao wa pili ndio wahusika wa makala haya. Kiswahili kimechagua neno zuri kwa sanaa ya kuufanya mchoro utembee: uhuishaji. Kuhuisha ni kutia uhai, na kitenzi hicho ndicho kitumikacho kwa ardhi iliyopata mvua baada ya kiangazi. Kwa muda mrefu sanaa hiyo ilikuwa ya wenye mitambo mikubwa na fedha nyingi. Leo mtu mwenye kompyuta mpakato yenye programu ya kuwasilishia mada, ile ile itumikayo katika semina na mikutano ya halmashauri, anaweza kumchora sungura na kumfanya apepese macho. Basi swali si tena nani ana mtambo. Swali ni mnyama huyo, akishatembea, atakuwa nani, na atamwita nani mjomba.

Kilosa haikuwa pembeni mwa dunia. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita katika nchi ya Wasagara na Wakaguru. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliuvuka uwanda wa Mkata wakati wa masika, akaandika kwa uchungu habari za matope na mafuriko yake. Wapagazi waliopita humo walibeba pembe na vitambaa mabegani, na vinywani mwao walibeba ngano. Penye kambi pana moto, na penye moto pana mtambaji. Si ajabu, basi, kwamba sungura mjanja wa bara na sungura mjanja wa Unguja wanafanana kama ndugu. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alipochapisha London mwaka 1870 hadithi alizozikusanya kwa watu wa Unguja, mlikuwamo pia kisa cha sungura na simba. Msomaji wa visiwani akimsoma sungura wa Ukaguru hamsomi mgeni.

Maandishi juu ya Wakaguru yalianza mapema. Wamisionari wa Kianglikana wa jumuiya ya CMS walifika Mamboya, katika wilaya ambayo leo ni Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1870, na mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Lakini aliyeandika kwa upana zaidi kuhusu wanyama wa hadithi wa nchi hiyo alikuwa mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefika Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 alichapisha makala juu ya Fisi na Sungura, na hoja yake ilikuwa kwamba wanyama hao wawili hawakuwekwa pamoja kwa bahati. Wakaguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Katika jamii ya namna hiyo, mtu mzito katika maisha ya kijana ni kaka wa mama yake. Mjomba ana mamlaka juu yake, na mpwa ana haki kwake. Kati yao pana mapenzi, na pana mvutano pia. Fisi na Sungura ni mjomba na mpwa.

Habari hiyo ndogo hubadili hadithi nzima. Bila ya udugu huo, sungura anayemhadaa fisi ni mdogo mwenye akili anayemshinda mkubwa mpumbavu, na msikilizaji hucheka akaenda kulala. Ukiuweka udugu mahali pake, hadithi inakuwa na swali ambalo hata watu wazima hawalimalizi: kijana anawajibika kwa kiasi gani kwa mkubwa mwenye nguvu asiye na busara, na ukoo huponaje pale wawili wa damu moja wanapogombea chakula kile kile? Fisi katika imani za watu wengi wa bara amehusishwa na usiku na uchawi, na hadithi hazimfichi ubaya wake. Hata hivyo hazimfukuzi katika ukoo. Ni mlafi, ni mjinga, lakini ni mjomba.

Mtambaji alikuwa na njia zake za kumhuisha mnyama huyo. Aliita, akaitikiwa: paukwa, pakawa. Sauti yake ikawa nzito kwa fisi na nyepesi kwa sungura. Bega lake likashuka alipochechemea kama fisi, na kivuli chake ukutani kikachechemea pamoja naye. Muhimu zaidi, kila aliyeketi pale alikuwa na mjomba. Nusu ya hadithi ilikuwa mdomoni mwa mtambaji, na nusu ya pili, isiyosemwa, ilikuwa ndani ya wasikilizaji.

Kisha zikaja picha za mwanga. Kabla ya sinema, wasafiri na wamisionari wengi katika Afrika walitumia taa yenye lenzi iliyotupa ukutani picha zilizochorwa juu ya vioo. Kisa kinachojulikana zaidi hakikutokea Ukaguru. Kilitokea mbali upande wa kusini-magharibi, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1854, Livingstone alipowaonyesha watu wa mtawala Shinte picha ya Ibrahimu akiwa ameinua kisu kumchinja mwanawe. Kioo kilipovutwa kutoka katika taa ili kuwekwa kingine, picha nzima ilisogea, na kisu kikaonekana kikija upande wa akina mama waliokuwa wakitazama. Wakapiga kelele na kukimbia. Mwenye taa alikuwa anabadilisha kioo tu. Mchoro wake haukuwa na kiungo hata kimoja cha kusogea. Akina mama hao walikuwa wameona jambo ambalo mafundi wa karne iliyofuata walilifanya kuwa kazi yao: picha iliyosimama, ikisogezwa kwa wakati wake mbele ya mtu anayeijua hofu ya kisu, hupata uhai.

Karibu na Kilosa, sinema iliacha alama yake katika miaka ya 1930. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York, uliweka makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, na kutoka hapo ukatengeneza filamu za mafunzo kwa watu wa Afrika Mashariki na ya Kati. Moja ya filamu zake chache zilizosalia, ya mwaka 1936, inahusu wakulima wadogo wa Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro, kwenye reli ile ile ifikayo Kilosa. Makusudi ya filamu hizo yalikuwa ya serikali na wamisionari: mazao, kodi, minyoo, akiba ya posta. Wenyeji walionyeshwa namna ya kuishi na watu ambao hawakuwauliza namna wanavyoishi. Lakini kuna jambo moja la kiufundi lenye faida kukumbukwa. Maneno hayakuwa ndani ya filamu. Yalirekodiwa katika santuri, hivyo picha zile zile ziliweza kuonyeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Picha ilikuwa moja, ndimi zilikuwa nyingi.

Baada ya uhuru, mhusika wa kuchorwa alipata maisha marefu zaidi katika karatasi kuliko katika kiwambo. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga, mtu wa kawaida mwenye vituko vya kawaida, na jina hilo likaingia katika mazungumzo ya watu. Katika gazeti la Sani wakaja Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Baadaye James Gayo akamleta Kingo. Wahusika hao hawakusogea hata inchi moja. Walikuwa wino juu ya karatasi ya bei nafuu. Hata hivyo waliishi, kwa sababu walisema Kiswahili cha mtaani, walidaiwa kodi ya nyumba, na walikuwa na mashemeji. Jina la Ndumilakuwili peke yake ni hadithi: nyoka asemwaye kuuma kwa pande mbili, aliyegeuzwa kuwa mtu ambaye kila mtaa unamjua.

Mwaka 1994 ukaleta kinyume chake. Kampuni ya Disney ilitoa The Lion King, na wasanii wake walikuwa wamekwenda Kenya kuziangalia nchi na wanyama kabla ya kuchora. Katika filamu hiyo kila unyoya unatembea. Simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa. Majina ni ya Kiswahili, lakini ilipotafsiriwa kwa lugha ya Kiafrika, lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu. Baadaye kampuni hiyo ilisajili Marekani maneno hakuna matata kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo. Usajili ulikamilika mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini malalamiko ya kuupinga. Msemaji wa Kiswahili hakukatazwa kuyasema maneno hayo, na ni haki kulieleza hilo. Lakini kero ya watu ilikuwa na mzizi wa kweli: lugha ilitumika kama pambo la mlangoni, na wenye lugha hawakukaribishwa ndani.

Walalamikaji walishughulika na maneno mawili. Wachache walitazama jina la fisi. Fisi jike wa filamu hiyo, kiongozi wa wenzake, anaitwa Shenzi. Kila msomaji wa pwani anaujua uzito wa neno hilo na historia yake, namna lilivyotumika na watu wa mijini kuwadharau watu wa bara, na baadaye na wakoloni kuwadharau wote. Basi mnyama ambaye kwa Mkaguru ni kaka wa mama, mwenye kosa lakini mwenye kiti katika ukoo, aliingia katika macho ya watoto wa dunia nzima akiwa mshenzi anayeishi nje ya mpaka, palipo mifupa na giza. Filamu haikusema uongo juu ya fisi wa Mkata. Hadithi zote za wanyama husema uongo juu ya wanyama. Kilichopotea ni udugu. Ulipoondoka udugu, swali la zamani la ukoo liliondoka nao, na mahali pake pakabaki adui wa kufukuzwa.

Wakati huo huo, mbali na studio za sinema, chombo kingine kilikuwa kimekwisha zaliwa bila ya nia yoyote ya sanaa. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987 katika kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought, kwa fikra ya Robert Gaskins na kazi ya Dennis Austin, na mwaka ule ule kampuni hiyo ikanunuliwa na Microsoft kwa dola milioni 14. Hapo mwanzo ilikuwa ya kompyuta za Macintosh, na shabaha yake ilikuwa kuwasaidia watu wa ofisi kutayarisha karatasi za plastiki za kuonyeshea ukutani. Mwaka 1990 ikaingia katika Windows. Toleo lililotoka mwaka 2001 liliwapa watumiaji uwezo wa kukiongoza kitu kifuate njia waliyoichora wenyewe juu ya slaidi. Waliotunga walikuwa wakifikiria mishale na majedwali. Watoto, walimu na wachoraji wa nchi nyingi walifikiria jambo jingine, nao wakaanza kutembeza watu na wanyama.

Tanzania ilikuwa na sehemu yake katika historia hiyo, nayo ni sehemu ya heshima. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu huria za ofisi zinazozungumza Kiswahili, ikiwamo programu ya kuwasilishia mada. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuketi mbele ya chombo cha namna hiyo na kukiamuru kwa lugha ya nyumbani. Miaka kumi baada ya kinywa cha Simba kutafsiriwa kwa Kizulu, chombo cha kumhuisha simba kilitafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilifanywa mlimani, Dar es Salaam.

Kazi yenyewe inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna hekima. Mchoraji humjenga sungura kwa maumbo yaliyomo katika programu: duara kwa kichwa, yai kwa tumbo, mayai mawili membamba kwa masikio. Kila kiungo hubaki peke yake ili kiweze kusogea. Kupepesa jicho kunahitaji slaidi mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa jicho. Ya kwanza hukaa sekunde kadhaa, ya pili hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mashine hubadilisha yenyewe. Kutembea kunahitaji nakala nyingi, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Ndiyo kanuni ya sinema, ambayo hupitisha picha 24 kwa sekunde, na ambayo wahuishaji wengi huitimiza kwa michoro 12, kila mmoja ukionyeshwa mara mbili. Mpenzi wa mashairi haoni ajabu. Mwenye kuhesabu mizani nane kwa kila kipande anajua kwamba uhai wa mshororo umo katika hesabu, na kwamba mizani moja ikizidi, mshororo huchechemea.

Shida huja kwenye mkono. Programu ina amri ya kuzungusha kitu, lakini hukizungusha kwenye kitovu chake. Mkono ukiamriwa kupunga huzunguka kwenye kiwiko kama pangaboi, na bega likaachwa. Mafundi wa slaidi walipata dawa isiyo na gharama. Huchora mkono wa pili ulio sawa na wa kwanza, ukielekea upande wa pili wa bega. Huuondolea rangi na mstari hata usionekane kabisa. Kisha huiunganisha mikono miwili kuwa umbo moja. Sasa kitovu cha umbo zima kiko begani. Amri ikitolewa, mkono unaoonekana hupunga kama mkono wa kiumbe hai, na ule usioonekana huzunguka upande wa pili ukiushikilia mwenzake mahali pake.

Mbinu za maskini katika sanaa hii zina nasaba ndefu. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitengeneza mwaka 1926 filamu nzima ya mwanamfalme Ahmed, kwa visa vya Alfu Lela Ulela, akitumia vivuli vya karatasi ngumu vilivyokatwa kwa mkasi na kuungwa kwa waya. Moustapha Alassane wa Niger alimpa Afrika Magharibi chura rais katika filamu yake ya mwaka 1966, akafanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake. Hakuna aliyewauliza mtambo wao uligharimu kiasi gani. Katika Afrika Mashariki, UNESCO ilianza mwaka 2004 mradi wa kuwafunza wahuishaji wa Afrika. Nairobi ikatengeneza Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2010, kwa mtindo wa rangi ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Na mwaka 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonekana katika televisheni ya Tanzania, ikiwafundisha watoto hisabati kwa vibonzo vilivyotengenezwa Dar es Salaam na kuzungumza Kiswahili tangu mwanzo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa: mnyama wa kuchorwa aliyetembea na kusema kwa pamoja.

Hata hivyo Dar es Salaam si Kilosa. Studio hutengeneza kwa ajili ya taifa, na sasa kwa ajili ya bara zima. Mtoto wa mahali popote lazima amwelewe mhusika. Ni sawa iwe hivyo. Lakini yapo mambo yasiyoweza kusafiri bila ya mwenyeji wake, na ujomba wa Fisi ni mmojawapo. Hapo ndipo chombo kidogo kinapokuwa na kazi ambayo chombo kikubwa hakiiwezi. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu wa shule za umma, na kishikwambi kinaweza kuendesha slaidi. Mwalimu wa Mamboya au wa Mikumi akitaka kumhuisha Fisi haombi ruhusa ya studio. Anahitaji jioni chache, subira, na mtu mzima wa kumkalisha kitako aikumbuke hadithi kama ilivyokuwa ikitambwa.

Hoja inayokuja haraka ni ya lugha. Elimu ya msingi nchini hutolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na Kikaguru hakimo darasani. Wengine wataona kwamba kumhuisha Fisi kwa Kiswahili ni kumhamisha nyumbani kwake, na wengine kwamba kumhuisha kwa Kikaguru ni kumfungia ndani. Santuri za Vugiri zilikwisha jibu nusu ya swali hilo, ingawa waliozitengeneza walikuwa na makusudi mengine. Slaidi huruhusu sauti kuwekwa kando na picha. Michoro ile ile inaweza kuvikwa sauti ya bibi anayetamba kwa Kikaguru, na kisha sauti ya mjukuu anayetamba kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe hakikosi cha kuipokea hadithi: kina neno mjomba na kina neno mpwa, na watu wa pwani wanajua vizuri kwamba mjomba si jina la heshima tu. Lugha iliyompa Fisi jina la Shenzi katika filamu ya wageni ina uwezo wa kumrudishia jina lake la ukoo.

Bila shaka kuna hatari. Chombo rahisi huzaa kazi rahisi, na mitandao imejaa vikaragosi vinavyorukaruka bila ya sababu. Mwenye slaidi anaweza kunakili Simba wa Marekani, akambadilisha rangi, akadhani amefanya kazi ya nyumbani. Anaweza pia kuikata hadithi ili iwe fupi, na cha kwanza kukatwa huwa ni yale maneno machache ya mwanzo yanayoeleza nani ni mtoto wa nani. Maneno hayo hayachekeshi, hayana mwendo, na mtazamaji mwenye haraka haoni hasara. Lakini ndiyo yanayomfanya sungura asiwe mnyama yeyote, na ulaghai wake usiwe mchezo tu.

Wanyama wa Mkata wana mpaka uliochorwa mwaka 1964, na wana watu walioajiriwa kuwalinda. Fisi na Sungura wa Ukaguru wamelindwa na kumbukumbu za watu, pamoja na kurasa chache zilizoandikwa kwa Kiingereza ambazo wajukuu wa watambaji hawajazisoma. Iwapo siku moja watasimama katika kioo cha kishikwambi darasani Kilosa, mkono wa Sungura utapunga kwa sababu kuna mkono mwingine, usioonekana, unaoushika begani. Watoto watauona mmoja tu. Mwalimu, aliyeichora mikono yote miwili, ndiye atakayejua kwamba ule wa pili ni mjomba.